Vya Wenyewe

Tulihamia Kigonsera mwezi wa Juni, msimu ambao baridi huteremka kutoka milima ya Umatengo mara tu jua linapoinama, na nyumba tuliyoijenga kwa miaka saba, tofali baada ya tofali, kwa kadiri mshahara ulivyoruhusu na aghalabu kwa kadiri ulivyokataa, ilitupokea kwa ukimya wa mtungi mtupu. Kuta zilikuwa zimepigwa lipu lakini hazijaonja rangi. Sakafu ya saruji ilitoa ubaridi uliopenya soli za viatu. Na kila nilipokohoa, kikohozi changu kilikwenda mpaka chumba cha mwisho, kikagonga ukuta na kurudi, kana kwamba mle ndani mlikuwa na mzee mwingine mwenye maradhi yangu. Mke wangu alicheka, kisha akasema kwamba nyumba ile haikuwa yetu bado, kwa kuwa haikuwa na kitu cha kumeza sauti.

Kitu cha kumeza sauti kilitaka fedha, na fedha zilikuwa zimekwisha kwenye mabati. Makochi mapya niliyoyaona dukani Songea yalikuwa yamefunikwa nailoni, ile nailoni ambayo wanunuzi wengi hawathubutu kuiondoa hata baada ya miaka miwili. Nami nimekaa katika sebule za watu wa taazima nikiteleza juu yake kama samaki juu ya jani la mgomba, nikijiuliza wenye nyumba wanamtunzia nani kochi lile. Bei yake ilinitosha kukata shauri. Niliazimia kwamba nyumba mpya tutaipamba kwa vitu vikuukuu, na visivyopatikana nitavitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, ingawa mikono hiyo kwa miaka thelathini haikuzoea zana nyingine ila chaki na kalamu nyekundu. Mke wangu alilisikiliza shauri langu mpaka mwisho wake, kwa jamala, bila kunikatiza, akasema: "Baba, mimi vya wenyewe sivitaki humu ndani."

Kila aliyelelewa kwa Kiswahili anayajua maneno hayo tangu hajaota meno ya pili. Mtoto akinyoosha mkono kwenye kikombe cha jirani huambiwa aache, hicho ni cha wenyewe. Akiinama kuokota embe chini ya mti usio wa kwao huambiwa vivyo hivyo. Ajabu ya neno hilo ni kwamba halimtaji mwenye kitu ni nani. Wenyewe wapo kila mahali na hawaonekani, wana haki ilhali hawana majina, na heshima tunayofunzwa kuwapa ni ya kutogusa. Mke wangu alikuwa na maana hiyo, na alikuwa na nyingine ya ndani zaidi ambayo hakuitamka mchana, akaitamka usiku: kwamba kitu alichokitumia marehemu hakimsahau upesi kama watu wanavyomsahau.

Nilimjibu kwa hoja ya mirathi, nami nilidhani ni hoja kubwa. Matanga yakiisha, ndugu huketi pamoja, jembe la marehemu likapewa huyu na koti lake yule, kitanda kikabaki kwa mjane au kikaenda kwa mwana wa kwanza. Wala sijasikia mrithi aliyelalamika kwamba amepewa mtumba. Koti lilelile, lau lingalitoka kwa mtu asiyejulikana, likabanwa katika robota pamoja na makoti mengine mia na kuvushwa bahari, lingalishuka daraja papo hapo, ingawa uzi wake haukubadilika hata mmoja. Basi tofauti ya tereka na mtumba haimo katika kitu, imo katika kumjua mwenyewe. Na nadhani wazee wetu walilihisi jambo hilo kwa mzaha wao, walipozipa nguo zile jina la "kafa Ulaya". Hawakuweza kuamini kwamba mtu mwenye akili timamu angeiacha suruali nzima angali hai. Kwa hiyo wakamfisha, na kwa kumfisha wakazipatia nguo mwenyewe, na mwenyewe wakampatia msiba. Jina hilo lilicheka, lakini pia lilifanya kazi ya kadhi: liligeuza biashara kuwa urithi.

Nguo hizo zilianza kuingia nchini kwa wingi na kwa uwazi baada ya mwaka 1984, vizuizi vya biashara vilipolegezwa. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walipatana kuziondoa masokoni hatua kwa hatua, na Marekani ilipotishia kuondoa nafuu ya ushuru iliyokuwa ikizipa bidhaa zetu, waliobaki na msimamo ule hadi mwisho ni Rwanda peke yao, ambao nafuu yao ya mavazi ilisimamishwa mwaka 2018. Katika nguo, nawaona wateteao viwanda vyetu wana haki zaidi kuliko mimi mnunuzi. Katika mbao na shaba sheria yangu ni nyingine, maana kabati halivunji kiwanda cha mtu. Linamnyima tu fundi wa leo kazi ambayo fundi wa jana aliifanya vizuri mno.

Hata hivyo, katika mji mdogo kama wetu, soko kubwa la samani si robota, ni barua ya uhamisho. Mwalimu, muuguzi au karani hupokea karatasi inayomtaka aripoti upande wa pili wa nchi, na akipiga hesabu ya lori huona kwamba kulisafirisha kabati ni ghali kuliko kabati lenyewe. Habari huenea baada ya misa ya Jumapili, au penye mashine ya kusaga, kwa maneno machache: "Kuna mtu anahama." Kwa miezi miwili nilikuwa nikiyasikiliza maneno hayo kama mwewe. Nikapata kitanda cha chuma, kochi kuukuu, stuli mbili, meza iliyokatwa mguu mmoja, na kabati la vyombo la muuguzi ambaye nilimpunguzia bei mara tatu mpaka akanyamaza, akalifuta vumbi kwa kanga yake na kuniambia nichukue. Bei ya mtu anayehama ni bei ya huzuni, na mwungwana haivuti sana. Mimi niliivuta. Kabati linatupendeza, lakini mpaka leo mke wangu akifungua mlango wake wa kioo, naisikia ile kanga.

Mapazia, ambayo hayakuwa katika daawa yangu, aliyaleta yeye mwenyewe aliyekataa vya wenyewe. Alikwenda gulioni kutafuta dagaa wa ziwani, wale wanaoitwa usipa, akakuta robota linafunguliwa, na wanawake wakisukumana pembeni kwa nguvu ambazo sikuwahi kuziona katika foleni ya sakramenti. Akarudi na usipa kidogo na mapazia matatu mazito ya rangi ya udongo mbichi. Alipokuwa akiyapinda upindo, alikuta kipande cha utepe kilichotariziwa jina la mtu kwa uzi mwekundu, jina la Kizungu tusiloweza kulitamka. Aliukata uzi taratibu, akakibandua. Nilidhani atakitupa. Alikiweka katika bati lake la sindano, akafunga kifuniko, nami nilijifanya naangalia dirisha.

Kazi za mikono yangu hazistahili zote kusimuliwa. Rafu za jikoni nilizitengeneza kwa mabanzi ya mkaratusi, yale maganda ya gogo ambayo wapasua mbao hukupa kwa bei ya kuni, na kwa kuwa mkaratusi ukikauka hupinda bila kumwomba mtu ruhusa, sufuria zetu sasa hukaa kwenye mteremko. Ila taa ya sebuleni ninaionea fahari. Kahawa ilifika Umatengoni katika miaka ya 1920, ikaingia katika nchi ya watu ambao tangu zamani walijua kulima mlima kwa ngolo, yale mashimo yaliyopangana kama sega la nyuki, yanayoyashika maji ya mvua yasiondoke na udongo. Na pamoja na kahawa ikaja mashine ya mkono ya kumenya matunda yake, ambayo ngoma yake huvikwa bamba la shaba lenye vinundu vingi vya kung'atia ganda. Vinundu vikilika na kupasuka, bamba hubadilishwa, na lile la zamani huenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nililikuta moja juu ya mizani ya mnunuzi kama huyo, limekunjwa kama karatasi ya barua mbaya, nikalinunua kwa kilo. Nilililainisha kwa nyundo ya mti, nikalisugua kwa ndimu na majivu siku nne mpaka wekundu wake ukarudi, nikaliviringisha na kulifunga kwa ribiti, nikatia globu ndani. Usiku wa kwanza tulipoiwasha, nuru ilipenya kwenye nyufa zile ndogo ndogo, na ukuta wote wa sebule ukawa kama kichanja kilichoanikwa kahawa. Jirani yetu, mama ambaye ameisukuma mashine ya namna ile tangu alipokuwa binti, alisimama mlangoni akatazama, akasema mgongo umeanza kumuuma.

Mtumbwi niliupata Mbamba Bay. Barabara ya lami sasa inateremka mpaka ziwani, na safari iliyokuwa ya kuagana na watu imekuwa ya kwenda na kurudi. Nami nilikuwa nimekwenda kununua samaki tu. Ulikuwa umelala mchangani kifudifudi, umepasuka tumboni, na mwenyewe, mvuvi wa makamo, alikuwa akiuchanja kuni upande wa tezi. Nikamwomba anikatie upande wa omo. Ulipopandishwa juu ya basi, kondakta aliuliza, kwa sauti ya kuwasikilizisha abiria wote, kama Kigonsera wamechimba ziwa, na kicheko hicho kilitusindikiza mpaka Mbinga. Leo nusu ile ya mtumbwi imesimama wima kwenye pembe ya sebule, omo juu, na ndani yake nimepigilia vibao vitano vya vitabu. Chini, karibu na sakafu, kuna kiraka cha bati alichokipigilia mvuvi juu ya lami nyeusi ili kuziba ufa. Kiraka hicho nilikiacha kama kilivyo, kwa sababu kilinipendeza. Na nakutaja hapa kukiacha kwangu ili msomaji akumbuke kwamba nilikuwa na uwezo wa kuacha.

Ziwa lile halina haraka ya kutupa vyombo. Chauncy Maples, meli ya misheni ya Waanglikana iliyokuwa ikihudumu mwambao wa Liuli na Likoma, iliundwa Glasgow, ikafunguliwa, ikasafirishwa vipande 3,481. Bwela lake likavutwa nchi kavu na Wangoni wapatao 450, na mwaka 1901 ikashushwa majini. Ilikuwa shule na zahanati na kanisa. Baadaye ikawa ya wavuvi, kisha ya abiria. Kama meli yaweza kuwa na maisha matatu, sioni kwa nini mtumbwi ukatazwe kuwa na mawili.

Wala watu wa pwani wasituone sisi wa bara tumepotoka. Huko Kunduchi mabakuli ya Kichina yaliyokusudiwa kutiwa wali yamejengewa katika nguzo za makaburi, na katika majumba ya Lamu na Pate vidaka vilichongwa ukutani, safu juu ya safu, kupokea sahani ambamo pengine hakikupata kuliwa chakula. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Inkishafi, alivitazama vidaka vya Pate baada ya wenyewe kuondoka, akakuta humo makinda ya ndege. Wengi husoma hapo maonyo juu ya ghururi ya dunia, na ndiyo nia ya mshairi bila shaka. Mimi tangu nianze useremala siachi kufikiri kwamba ndege wale nao walikuwa wamehamia.

Sasa nije kwenye kiti.

Nilikinunua mnadani kwa kijana aliyekuwa amekipakia juu ya mkokoteni pamoja na ndoo na godoro, na nilipomuuliza kilikotoka alisema yeye huuza, haulizi. Kilikuwa kiti cha mikono, cha mninga, kizito kama deni, mgongo wake wima usiomruhusu mtu kusinzia: mtindo ambao mtu yeyote wa huku huujua kwa kuutazama, maana Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899 walikuja na randa pamoja na misale, na vijana waliofunzwa katika karakana zao, na wanafunzi wa vijana hao, wamezijaza nyumba za Ruvuma viti vya namna hiyo. Hakikuwa na msumari hata mmoja. Mguu mmoja ulikuwa umelegea, na ili niukaze ilinibidi niutoe. Nilipouvuta ulimi ukatoka katika tundu lake kwa mlio mdogo wa kukubali, nikaona jambo ambalo hakuna aliyeliona tangu siku kiti kilipofungwa: juu ya ulimi mistari mitatu iliyokatwa kwa patasi, na kando ya tundu mistari mitatu mingine inayolingana nayo, alama ya fundi asije akachanganya miguu. Mstari wa tatu umepinda kidogo pande zote mbili. Mkono ule ulikuwa na kilema au ulikuwa na pupa. Vyovyote vilivyokuwa, nilikaa sakafuni nikiwa nimeushika mguu wa kiti, nikamjua mtu yule kwa kadiri ambayo sijawajua baadhi ya watu niliofanya nao kazi miaka kumi.

Ningalikoma hapo ningalikuwa salama. Lakini juu ya mkono wa kulia wa kiti, mahali mtu anapolaza kiganja, palikuwa na shimo, refu kidogo kuliko upana wake, laini ndani kama kijiko. Mimi nililichukulia kuwa kovu. Nilikoroga vumbi la mbao katika gundi, nikaliziba, nikangoja likauke, nikapiga msasa mkubwa na msasa mdogo, nikapaka vanishi mara tatu, na kwa kweli paliziba hata mimi mwenyewe nikawa sipaoni ila kwa kuelekezwa na nuru. Mke wangu, ambaye kwa wakati huo alikuwa amekwisha vizoea vya wenyewe, alisema hiyo ndiyo kazi yangu bora.

Mwezi wa Septemba alikuja kututembelea mzee mmoja wa mtaa wa juu, mkulima wa kahawa, ambaye tulikuwa tukisalimiana njiani tu. Alibisha hodi, tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akaingia na fimbo yake. Nikamkaribisha kwenye kochi. Alilipita kochi, akaipita stuli, akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti, akakaa kama mtu anayekaa kwake. Tukazungumza habari za mvua na bei. Nikaona kidole gumba chake cha kulia kinakwenda na kurudi juu ya mkono wa kiti, kinatafuta, kinasimama, kinatafuta tena.

"Mwalimu," akasema, "hapa palikuwa na shimo."

Nikamwambia nimeliziba.

"Ahaa," akasema, akatazama mahali pale muda mrefu bila kunilaumu. "Mwenyewe alikuwa akisugua hapo kwa kidole kila jioni, akisikiliza taarifa ya habari. Redio ilikuwa pale, mimi nikikaa huku kwenye kigoda. Habari zikiwa mbaya alisugua sana." Alinyamaza kidogo. "Miaka mingi, mwalimu. Mti ukaliwa. Alipofariki nilikikalia mimi siku zote za matanga, nikawa natia kidole humo. Watoto wanakaa mjini, wakaviuza vitu. Sikujua kimefika kwako."

Mke wangu alikuwa amesimama na birika mkononi. Yeye aliyeogopa tangu mwanzo kwamba vitu vinawakumbuka watu, sikuona hofu usoni mwake. Alimmiminia mzee chai, akakaa chini kwenye mkeka, akamwuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, na mzee akaanza kueleza, na tukasahau kupika. Usiku, baada ya taa ya shaba kuzimwa, aliniambia gizani: "Sasa huyu angalau tunamjua."

Nimeichukua patasi mara mbili kwa nia ya kuifukua gundi ile, na mara mbili nimeirudisha dirishani. Gundi za siku hizi hukauka zikawa ngumu kuliko mti, na patasi ikiteleza itachimba shimo ambalo si lake wala si langu. Mzee hunicheka nikimweleza hivyo. Huja kila Ijumaa jioni, hulipita kochi, huketi, na wakati redio yetu inaposoma habari kidole chake hukaa palepale pa zamani, kikienda na kurudi juu ya kazi yangu. Na juzi, nilipokifuta kiti vumbi, niliona kwamba mahali hapo vanishi imeanza kupoteza mng'ao.